Shahada ya Uuguzi kwa Mkopo: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kutia Saini

Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi katika Kata ya Ilembo na kata jirani za Manispaa ya Mpanda huingia katika mashauriano mazito. Kijana amefaulu Kemia na Biolojia na anataka kuwa muuguzi. Wazazi wanajiuliza kama asome shahada kwa mkopo wa Serikali, au asome stashahada kwa fedha za familia ili aanze kazi mapema. Mara nyingi swali hilo huamuliwa kwa heshima ya jina la chuo kikuu, au kwa hofu ya neno "deni". Yote mawili hayatoshi. Uamuzi huu unagusa kipato cha nyumba kwa zaidi ya miaka 10, hivyo unastahili kufanyiwa hesabu kwa kalamu na karatasi.

Makala haya yanaeleza mkopo wa elimu ya juu unavyofanya kazi, unavyokatwa katika mshahara wa muuguzi, na muda ambao shahada huchukua kabla ya kuanza kumlipa mwenye nayo. Viwango vya makato vilivyotajwa ni vile vya sheria na taratibu za nchi. Mishahara na kiasi cha deni ni mifano ya kufundishia hesabu, na kila familia itaweka tarakimu zake.

NJIA MBILI ZA KUFIKIA WODI MOJA

Muuguzi wa ngazi ya stashahada husoma miaka 3 katika chuo kinachotambuliwa. Muuguzi wa shahada husoma miaka 4 chuo kikuu, kisha hufanya mafunzo tarajali ya mwaka 1 hospitalini. Wote wawili hawaruhusiwi kumhudumia mgonjwa bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010.

Kwa mkazi wa Katavi, shahada ina gharama nyingine isiyoandikwa katika barua ya udahili, nayo ni umbali. Vyuo vikuu vinavyofundisha uuguzi vipo katika miji kama Dodoma, Dar es Salaam, Mwanza na Moshi. Kijana atapanda basi, au treni inayotoka Mpanda kupitia Kaliua hadi Tabora na kuendelea mbele. Atafanya safari hiyo kwenda na kurudi kwa miaka 4, na atahitaji chumba, chakula na vifaa katika mji ambao hana ndugu wa kumpokea.

Faida ya shahada nayo ni ya kweli. Watumishi wa afya serikalini hulipwa kwa ngazi za mishahara zinazopanda kulingana na elimu na daraja. Afisa Muuguzi mwenye shahada huanzia ngazi ya juu kuliko Afisa Muuguzi Msaidizi mwenye stashahada, na njia yake ya kuelekea uongozi, ufundishaji na ubingwa ni fupi zaidi.

MKOPO WA BODI NI DENI LA NAMNA GANI

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Fedha inazotoa si zawadi. Ni mkopo unaorejeshwa ili wanafunzi wa miaka inayofuata nao wakopeshwe. Mkopo huo hugawanywa katika mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Si kila mwombaji hupata mafungu yote, na fungu la ada huweza kulipwa kwa sehemu tu kulingana na hali ya familia.

Mnufaika hudaiwa anapoajiriwa. Asiyepata ajira hupewa muda wa miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla ya kutakiwa kuanza kurejesha. Mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, makato yalikuwa asilimia 8.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajalisikia ni badiliko la mwaka 2021. Hadi wakati huo, deni lililobaki lilikuwa likiongezewa tozo ya kulinda thamani ya fedha ya asilimia 6 kwa mwaka, na aliyechelewa kuanza kurejesha alitozwa adhabu ya asilimia 10. Serikali ya Awamu ya Sita iliondoa vyote viwili. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja.

Uzito wa badiliko hilo unaonekana kwa mfano. Mwenye deni la shilingi 13,600,000 angeongezewa shilingi 816,000 katika mwaka wa kwanza, yaani 68,000 kila mwezi. Kama makato yake ni shilingi 150,000 kwa mwezi, karibu nusu yake ingemezwa na tozo kabla ya kugusa deni lenyewe. Leo shilingi zote 150,000 zinapunguza deni.

Nchi nyingine zimechagua taratibu tofauti. Nchini Kenya, mkopo wa shahada hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Nchini Uingereza, mwanafunzi aliyeanza chuo tangu Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka tu, lakini deni lake huongezeka kwa riba na huweza kumfuata kwa miaka 40. Utaratibu wa Tanzania hukata zaidi kila mwezi, tena kuanzia shilingi ya kwanza ya mshahara wa msingi, ila deni halikui na huisha mapema. Muuguzi kijana hubanwa sana katika miaka yake ya kwanza ya kazi, kisha huwa huru.

MSHAHARA UNAOFIKA MKONONI

Kosa la kwanza katika mashauriano ya familia ni kulinganisha mishahara iliyoandikwa katika tangazo la ajira. Kinacholisha nyumba ni kile kinachobaki baada ya makato. Mtumishi wa umma hukatwa mchango wa pensheni wa asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kodi ya mapato inayopanda kwa ngazi baada ya kutolewa mchango wa pensheni. Mshahara wa mtu ukipanda, sehemu kubwa zaidi ya nyongeza hiyo huenda kwenye kodi.

Tuseme muuguzi wa stashahada analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 na hana mkopo:

- Pensheni: 35,000
- Bima ya afya: 21,000
- Kodi ya mapato: 49,000
- Kinachobaki: shilingi 595,000

Tuseme muuguzi wa shahada analipwa shilingi 1,000,000 na anadaiwa na Bodi:

- Pensheni: 50,000
- Bima ya afya: 30,000
- Kodi ya mapato: 115,500
- Mkopo wa elimu ya juu: 150,000
- Kinachobaki: shilingi 654,500

Katika karatasi, wawili hawa wanapishana kwa shilingi 300,000. Mkononi wanapishana kwa shilingi 59,500 tu. Mwenye shahada atakapomaliza deni, atabaki na shilingi 804,500, na tofauti itakuwa shilingi 209,500 kila mwezi. Faida ya shahada ipo, lakini sehemu yake kubwa hukaa nyuma ya deni na haionekani mpaka deni liishe.

SHAHADA HUANZA KULIPA LINI

Deni lenyewe huisha baada ya muda gani? Tuseme mwanafunzi alipata shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi kwa siku 240 za kila mwaka wa masomo. Hiyo ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, au 9,600,000 kwa miaka 4. Tuongeze ada ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka iliyolipwa na Bodi. Jumla ni shilingi 13,600,000, na pamoja na ada ya uendeshaji ni 13,736,000. Kwa makato ya shilingi 150,000 kwa mwezi, deni huisha katika miezi 92, yaani miaka 7 na miezi 8. Mshahara ukipanda, makato nayo hupanda na muda hufupika.

Sasa tuwachukue vijana wawili waliomaliza kidato cha sita pamoja wakiwa na miaka 20. Wa stashahada anamaliza na kuajiriwa akiwa na miaka 23. Wa shahada, baada ya miaka 4 ya chuo na 1 ya mafunzo tarajali, anaajiriwa akiwa na miaka 25. Katika miaka 2 hiyo, wa kwanza amekwishapokea mkononi shilingi 14,280,000. Katika miezi 92 ya deni, wa pili anamkaribia kwa shilingi 5,474,000 tu. Baada ya hapo anamfuata kwa shilingi 209,500 kila mwezi, na inamchukua miezi 42 mingine kumfikia. Jumla ni miezi 134, yaani zaidi kidogo ya miaka 11 ya kazi.

Akiwa na miaka 36, basi, mwenye shahada anakuwa sawa na mwenzake. Kutoka hapo hadi umri wa kustaafu kwa lazima wa miaka 60, tofauti ya shilingi 209,500 kwa mwezi inakusanya takribani shilingi milioni 60. Kwa anayetaka kufanya kazi ya uuguzi maisha yake yote, shahada kwa mkopo ni uamuzi unaolipa. Kwa familia inayotegemea kijana huyo awalipie wadogo zake ada ndani ya miaka 5 ijayo, stashahada huleta unga nyumbani mapema zaidi.

Familia itakayorudia hesabu hii iweke pia fedha iliyotoa mfukoni. Aliyelipa ada ya stashahada kwa kuuza mahindi au ng'ombe aiondoe upande wa stashahada, na muda wa kufikiana utafupika. Aliyeongezea ada na nauli upande wa shahada afanye vivyo hivyo kwa upande huo, na muda utarefuka.

AJIRA HAIJI YENYEWE

Mfano huo umedhani kwamba wote wawili waliajiriwa mara tu walipokuwa tayari. Hilo ndilo jambo lisilo na uhakika kuliko yote. Zamani wahitimu wa kada za afya walizoea kupangiwa vituo moja kwa moja. Siku hizi nafasi hutangazwa, watu huomba kupitia mfumo wa ajira wa Serikali, na wenye sifa hushindana. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi na vyeti, na wahitimu wa kipindi hicho walikaa mitaani wakiwa na taaluma zao.

Kusubiri kuna bei. Katika mfano wetu, kila mwaka mmoja ambao mwenye shahada anakaa bila kazi wakati mwenzake analipwa humrudisha nyuma kwa shilingi 7,140,000, na itamchukua takribani miezi 34 ya ziada kuzifidia. Mwaka mmoja mtaani hula karibu miaka 3 ya faida ya shahada. Hospitali na zahanati binafsi huajiri pia, lakini mishahara yao hupishana sana, na anayeajiriwa huko hukatwa asilimia 15 ileile. Aliyejiajiri naye ana wajibu wa kurejesha.

Habari njema ni kwamba deni la Bodi halikui wakati wa kusubiri. Kijana asiye na kazi leo akipata kazi baada ya miaka 3, atakuta anadaiwa kiasi kilekile alichokopeshwa pamoja na ada ya uendeshaji. Deni hilo linaweza kumsubiri bila kumwangamiza.

DENI LA KUOGOPWA ZAIDI

Madeni yanayoangusha nyumba mara nyingi ni yale yanayokopwa kando ya mkopo wa Bodi: fedha ya nauli, ya godoro, ya salio la ada, ya mwezi ambao fedha za chuo zimechelewa. Hapo ndipo familia huingia katika mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mzazi akikopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi na akaweza kulipa riba tu, baada ya miezi 10 atakuwa ametoa shilingi 1,000,000 na bado anadaiwa 500,000 zilezile. Deni la kijana la shilingi milioni 13 haliongezeki, ilhali la mzazi la nusu milioni limekwishakula mara mbili ya thamani yake.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni au usajili. Vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa husajiliwa kupitia halmashauri. Mzazi aliye katika kikundi kilichosajiliwa ana mahali salama pa kukopa nauli ya mwanawe, kwa masharti yaliyokubaliwa na wanachama wenyewe. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri haiwezi kutumika kwa ada. Hiyo hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya shughuli za kiuchumi.

Kuuza shamba ili kumsomesha mtoto kunahitaji tafakari ya namna hiyohiyo. Shamba la mpunga au mahindi huleta mavuno kila mwaka. Likiuzwa, mavuno hayo yote ni sehemu ya gharama ya shahada, hata kama hayaandikwi popote.

Muuguzi mwenyewe pia ajihadhari baada ya kuajiriwa. Makato yote kwa pamoja hayapaswi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwa mshahara wa shilingi 1,000,000, theluthi hiyo ni takribani 333,000. Mwenye mkopo wa Bodi anayechukua mkopo wa benki hadi ukomo huo atafanya kazi ya ngazi ya shahada huku akipeleka nyumbani fedha iliyo pungufu sana kuliko ya mwenzake wa stashahada.

NJIA YA TATU

Si lazima kuchagua moja na kuiacha nyingine maisha yote. Muuguzi wa stashahada aliyethibitishwa kazini anaweza kuomba ruhusa ya mwajiri, akaingizwa katika mpango wa mafunzo na kwenda kusoma shahada akiwa mtumishi. Njia hii ni ndefu na nafasi zake ni chache, lakini anayeipita hukwepa miezi ya kukaa bila kipato.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Serikali imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Si kila fani ya afya imo. Mwombaji asome mwongozo wa mwaka husika kabla ya kudhani kwamba stashahada ya uuguzi itakopeshwa. Upo pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanafunzi waliofaulu sayansi kwa kiwango cha juu zaidi katika kidato cha sita. Huo ni ruzuku na haurejeshwi.

MAMBO YA KUFANYA MAPEMA

Maombi mengi ya mkopo hukwama kwa sababu ya nyaraka. Familia yenye kijana wa kidato cha sita ianze mambo haya kabla dirisha la maombi halijafunguliwa:

1. Kuhakiki cheti cha kuzaliwa cha mwombaji kwa RITA. Aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo.
2. Familia iliyo katika mpango wa TASAF kutunza namba yake ya kaya, kwa kuwa huisaidia Bodi kutambua uhitaji.
3. Mwombaji au mzazi mwenye ulemavu kupata uthibitisho wa Mganga Mkuu.
4. Kumpata mdhamini mwenye kitambulisho, na kumweleza anachotia saini.
5. Kupeleka fomu katika ofisi ya Serikali ya mtaa ili ijazwe na kugongwa muhuri. Ofisi ya Mtendaji wa Kata inaweza kueleza utaratibu kwa asiyeufahamu.

Aliyeajiriwa naye ana wajibu. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu alipomwajiri mnufaika, na kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya kila mwezi kuisha. Muuguzi alinganishe hati yake ya mshahara na taarifa ya deni lake mara kwa mara, hasa anayefanya kazi sekta binafsi, ili fedha iliyokatwa iwe imefika.

Mwisho, kabla ya kutia saini, mzazi na kijana wakae pamoja na kujibu maswali manne. Deni lote litakuwa shilingi ngapi siku ya kuhitimu? Kitakachobaki mkononi baada ya makato kitatosha kuishi na kusaidia nyumbani? Familia inaweza kusubiri miaka mingapi kijana akikosa ajira? Na fedha ambayo Bodi haitoi itatoka wapi bila kuuza kinacholisha nyumba? Familia yenye majibu ya maswali hayo haina sababu ya kuogopa shahada wala kuionea haya stashahada. Wodi za hospitali zinahitaji wauguzi wa ngazi zote mbili.